Sauti Iliyokaa kwenye Masizi

I

Asubuhi ya tatu ukungu ulikataa kuondoka Ngurunde, na mashine yangu ikakosa chakula. Inakula jua, na jua lilikuwa upande wa pili wa weupe ule, mahali ambapo tulilijua kwa kukumbuka tu. Nilikaa kwenye gogo mlangoni pa jiko la Nakijwa, nikawa nasugua kioo cha pipa la mashine kwa kitambaa cha pamba. Mbuzi walilia karibu yangu na sikuwaona.

"Fundi," sauti ilisema kutoka kwenye ukungu, "kwenu Tukuyu nako mnausubiri, au mnaukata kwa panga?"

"Kwetu mvua hainyamazi tukapata kuuona."

"Ndiyo maana Wanyakyusa mnaongea kwa kupayuka."

"Mimi sipayuki."

"Wewe walikubadilisha hospitali."

Vilitokea viatu vya mpira, kisha koti, mwisho uso wa Mgonja, mwenyekiti wa kamati ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo lililo juu ya kijiji. Linajaa usiku kutoka kwenye kijito, linafunguliwa asubuhi, na maji yanashuka kwa mifereji hadi kwenye tangawizi na maharage. Mgonja alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, lakini wiki ile ucheshi wake ulitangulia salamu, kama mtu anayetanguliza mguu kupima kina.

"Leo Jumanne," alisema. "Baraza la Maji linakaa Alhamisi."

"Najua."

"Nakwambia ili jua nalo lisikie."

Nyuma yetu paa la jiko lilikuwa wazi kidogo, mahali tulipoteremsha boriti. Boriti yenyewe ilikuwa imelala ndani ya pipa langu: mti mweusi wenye urefu wa mtu mzima, uliokaa juu ya mafiga yale kwa zaidi ya miaka hamsini. Wenzake wote waliliwa na mchwa wakabadilishwa. Huu mmoja mchwa waliuogopa, labda kwa sababu ya moshi.

Siku moja ya masika, miaka arobaini na moja iliyopita, wazee wa Ngurunde na wazee wa Bondeni, kijiji kilicho chini yake, walinyeshewa wakiwa katikati ya ugomvi wa maji. Wakakimbilia jiko hili kwa kuwa lilikuwa na moto, na humo ndani wakakubaliana siku za kila upande. Baadaye mtu aliyaandika, yakaingizwa kwenye kumbukumbu za serikali, na watu wakaacha kuyashika kichwani kwa kuwa yapo mahali. Ndipo ukaja Mfuto. Jua lilitema, mbingu ikawa nyekundu hata huku kwetu, na kila kilichohifadhiwa kwenye mitambo kikafutika: hati, picha, sauti za waliokufa. Wazee wa siku ile wamekwisha. Bondeni sasa wanasema zile siku tatu za Ngurunde zilikuwa hisani yao, wala hapakuwa na makubaliano, na hisani imekwisha. Wanataka siku sita kwa wiki.

"Tukibaki na siku moja," Mgonja alisema, "mwaka ujao utapanda huku kusikiliza boriti na hutakuta mtu wa kukupa chai."

Chai yenyewe ilikuwa inakuja. Nakijwa alitoka kwenye nyumba kubwa na birika mkononi, mwanamke mrefu anayetembea kama amebeba kitu kichwani hata asipobeba. Kijiji kizima kilimwita Mama Tumsifu, ingawa Tumsifu alikuwa amefariki miaka saba iliyopita, akiwa na miaka minne. Siku ya kwanza nilimuuliza kama anapenda nimwite kwa jina lake. Alisema, "Niite kama wanavyoniita. Ni njia ya kumtaja kila siku bila watu kuniogopa."

"Shemeji," alimwambia Mgonja, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, "unamsumbua mgeni hata hajanywa. Tutaambiwa Wapare wote tuko hivyo."

"Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Hilo fundi alishaambiwa kabla hajapanda mlima."

"Niliambiwa," nilisema. "Sikuambiwa kuku mwenyewe ni maji."

Walicheka kidogo, wote wawili. Nakijwa alinimiminia chai lakini hakukaa.

"Leo utaweza kujua?"

"Jua likitoka, Mama Tumsifu."

Jiko lilikuwa la mama mkwe wake, na sasa lilikuwa lake. Kwa desturi ya pale, jiko na kila kilichomo ni cha mwanamke mwenye mafiga. Hata kamati haimwamuru. Alikuwa amekubali boriti iteremshwe kwa sharti moja: kabla ya lolote, nimwambie kama mwanawe yumo.

II

Sikusomea kazi hii. Nilianza kwa kutengeneza majokofu, nikalijua ombwe, yaani utupu usio na hewa, kabla ya kujua jina lake. Pampu mbili za pipa langu zimetoka kwenye ghala la samaki, na bado siku za joto zinanuka dagaa. Mengine nilijifunza kwa kukosea na kuandika nilivyokosea.

Masizi ni punje. Punje elfu moja zikipangwa mstari hazijafika upana wa unywele mmoja. Moshi unapopanda, punje hizo hufika kwenye boriti zikiwa zimelowa utomvu wa kuni, laini bado. Mtu akisema chini yake, hewa inatikisika, na punje zinakaa kwa mtikisiko ule. Kisha utomvu unakauka. Kesho unakuja moshi mwingine na maneno mengine, juu ya yale ya jana.

Kuyasoma ni kuyala. Nafyonza hewa yote ndani ya pipa, naingiza gesi ya agoni na oksijeni kidogo, napitisha umeme, na hewa ile chache inawaka bila moto. Wanaiita plazma. Ni mwanga wa urujuani unaotulia juu ya mti kama maji kwenye beseni. Unakula masizi tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likiondoka mwanga unapepesa. Kupepesa huko nakugeuza kuwa sauti.

Siku ya kwanza nilimwonyesha Nakijwa masizi yake kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu akasema yanafanana na mayai ya samaki. Halafu akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Kwa nini usisome yote, kutoka juu hadi chini?"

"Nikisoma polepole kiasi cha kusikia, joto linateremka. Utomvu wa tabaka za chini unayeyuka na kushikana, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Huko hakusomeki tena. Nikienda haraka, kwa mapigo mafupi, joto halipati muda wa kuteremka. Za chini zinabaki salama, lakini za juu zinaliwa bila kusikika."

"Kwa hiyo wazee wako chini."

"Miaka arobaini na moja chini."

"Na Tumsifu yuko juu yao."

"Ndiyo. Boriti moja hutoa tabaka moja."

"Ikatwe katikati. Nusu yangu, nusu ya shemeji."

Ilibidi nimweleze na hilo. Moshi hauandiki kwenye mstari ulionyooka. Neno hili linakaa kichwani mwa boriti, neno linalofuata linakaa mguuni. Ukikata, maneno ya wazee yatakatika vipande, na Baraza halisikilizi vipande. Mgonja alikuwepo. Alitazama chini muda wote.

Saa sita ile ya Jumanne ukungu ulipasuka, na jua likaanguka uani kama kitu kilichoponyoka mkononi. Nilikata ubanzi wa ukubwa wa ukucha kutoka mwisho wa boriti kwa ajili ya jaribio. Karibu na pale palikuwa na michirizi minne sambamba, mahali mtu alipokwangua masizi kwa vidole zamani. Nilipima kina chake, nikaandika, nikaendelea.

Jaribio hufanywa haraka. Unahesabu tabaka tu, kama mtu anayehesabu pete za mti, na kinasa sauti hakiwashwi kwa sababu ubanzi mdogo kwa kawaida hutoa mchakacho. Lakini mimi nina tabia ya mafundi wa majokofu. Kitasa cha umeme nakizungusha kwa mkono, kidogo kidogo, nikisikiliza pampu. Nilikizungusha taratibu mno. Niligundua kosa langu pale mchakacho ulipoanza kuwa moto wa kuni.

Nilikuwa peke yangu na spika za masikioni. Nilisikia kuni zikipasuka. Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Kazi hii humfanya mtu aishi kama yumo kwenye ndoto ya mwingine, na mara nyingi hujui ni ya nani. Safari hii nilijua.

"Mama, ona."

Ilikuwa sauti ndogo, karibu sana na moto, yenye kicheko ambacho hakijatoka.

Halafu sauti ya mwanamke, kali, iliyochoka: "Sina nafasi! Toka hapo!"

Mfuniko uligonga chini. Mwanga ukatulia, na ubanzi ukawa mweupe kama ulivyokuwa siku mti ulipokatwa.

III

Mgonja alinikuta nimekaa vilevile, spika bado zimo masikioni ingawa hazikuwa na kitu.

"Yumo," alisema. Hakuuliza.

"Yumo."

Alivua kofia akaiweka gotini. Jua lilikuwa limeamsha harufu ya nyasi za paa. Chini yetu, mbali, Bondeni kulionekana kama kitambaa cha kijani kilichoanikwa.

"Umesikia nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia maneno yote, ya mtoto na ya mama, kwa sababu sikuwahi kujifunza kusema nusu. Aliposikia ya mama alifumba macho.

"Halikumbuki hilo," alisema. "Angekuwa analikumbuka tungelijua. Anakumbuka vitu vingine kabisa. Sasa sikiliza, fundi. Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto mgongoni hadi zahanati, kwenye utelezi, na nilipofika waliniambia nimteremshe taratibu, nikajua. Usidhani sitaki kumsikia."

"Sidhani hivyo."

"Ukimwambia yumo, hataiachia boriti. Nani angeiachia? Atakaa hapo wiki nzima amsikilize, na atakachosikia ni yeye mwenyewe anamfukuza mtoto. Kaya mia mbili na themanini zitakosa maji ili mama mmoja apate kidonda kipya." Aliigeuza kofia. "Mwambie masizi ya juu yameharibika. Sema mvua iliingia. Neno moja tu. Atalia siku mbili, na siku ya tatu maji yatakuwa mferejini."

 Nimemfikiria mtu yule mara nyingi tangu siku ile na sijaweza kumwita mbaya. Alichosema kilikuwa na huruma pande zote. Niliukagua uongo ule kama ninavyokagua bomba kabla ya kufyonza hewa, nikitafuta mahali unapovuja. Sikupaona. Kijiji kingepata maji. Mama angebaki na kumbukumbu yake nzuri. Hakuna ambaye angejua, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umeliwa na masikio yaliyousikia yalikuwa yangu peke yangu.

"Nikimdanganya huyu," nilisema mwishowe, "Alhamisi nitasimama mbele ya Baraza niwaambie waamini masikio yangu."

"Hiyo ni Alhamisi."

"Masikio ni yaleyale, Mwenyekiti."

"Wewe kwako kuna mvua," alisema, bila hasira. Alivaa kofia akateremka kuelekea ndiva, na kwa muda nilisikia viatu vyake vya mpira kwenye mawe.

IV

Nakijwa alikuwa kwenye nyumba kubwa, anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda alichonionyesha. Alikuwa anatoa yaliyotobolewa na kuyaweka pembeni, na hakuacha nilipoanza kusema.

"Yumo, Mama Tumsifu."

Vidole viliendelea. Haragwe, haragwe, jiwe.

"Umemsikia?"

"Kwa bahati. Jaribio halikupaswa kutoa sauti. Nilizungusha kitasa taratibu mno. Sikunasa. Kilichosikika kimeliwa."

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Mama, ona.'"

Aliuweka ungo chini. Alitabasamu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na uso wake ukawa wa mtu mwenye miaka ishirini na kitu.

"Kuna la pili," nilisema. "Ulimjibu."

"Nilimwambiaje?"

Nilitamani pampu zangu zipige kelele, chochote. "Ulimwambia, 'Sina nafasi. Toka hapo.'"

 Alikuwa kama mtu anayepanda ngazi gizani na kuhesabu.

"Alikuwa na matubwitubwi," alisema. "Mashavu yote mawili. Kwetu mtoto akivimba hivyo anapakwa masizi. Nilikwangua boriti kwa vidole nikampaka asubuhi. Baadaye alipanda kwenye kinu akakwangua mwenyewe, akajipaka uso mzima, paji, pua, mpaka masikio. Ndicho alichotaka nione. Nilimwona baadaye sana, nilipomaliza kusonga. Nilicheka mpaka nikakaa chini." Alinitazama. "Hiyo ya kucheka ndiyo niliyoiweka. Ile nyingine sikuiweka."

"Pengine na kucheka kumo. Boriti ni ndefu."

"Pengine." Alichukua haragwe moja akalizungusha kwenye vidole. "Nisemee alivyosema."

"Sauti yangu haifai."

"Nisemee tu."

Nilisema. Ilitoka sauti ya mwanaume wa miaka hamsini na mbili.

"Hapana. Ile 'mama' yake ilikuwa fupi. Kama anakimbia."

Nilisema tena, fupi. Aliinamisha kichwa. Nilisema mara ya tatu, na ilikuwa karibu zaidi, nilihisi hivyo mwenyewe, na ndipo aliponyoosha mkono mbele ya uso wangu.

"Acha, fundi. Nimeanza kusikia ya kwako."

 Kuku aliingia, akatazama maharage, akatoka.

"Shemeji alikwambia uniambie hayumo," alisema.

Niliokota haragwe lililoanguka nikalirudisha kwenye ungo.

"Namjua. Hawezi kuona mtu analia. Tangu siku ile amekuwa mtu wa kuchekesha, zamani hakuwa hivyo." Alirudisha ungo mapajani. "Nenda kapumzike. Kesho nitakwambia."

V

Jumatano kulikucha kweupe, bila ukungu hata wa dawa. Nakijwa alikuja uani saa tatu, amefunga kilemba kama mtu anayekwenda msibani au harusini. Mgonja alikuwa amekaa kwenye gogo langu na kikaratasi na kalamu ya risasi. Aliposimama kumsalimia, Nakijwa alimkatisha.

"Shemeji, kaa. Fundi, washa mashine. Nenda kwa wazee."

Mgonja alikaa tena kwenye gogo.

"Nilitaka kujua jambo moja kabla ya kuamua," alisema, akimwambia zaidi Mgonja kuliko mimi. "Nilitaka kujua kama naitoa kwa ajili ya maji au naikimbia sauti yangu mwenyewe. Nimeligeuza hilo mpaka nikachoka. Sikupata jibu, na tangawizi haisubiri nipate. Kwa hiyo msije mkanishukuru. Atakayenishukuru sitampokea jikoni kwangu."

"Mama Tumsifu..." Mgonja alianza.

"Wewe wa kwanza."

Aligeuka kwangu. "Ukienda haraka, kuna sauti yoyote?"

"Mchakacho tu. Miaka inapita kwa pamoja. Kwa kawaida nazima spika."

"Usizime. Inachukua muda gani?"

"Dakika nane hadi kwa wazee."

"Na yeye?"

Nilikuwa nimekwisha piga hesabu. Nilikuwa nimetumaini hataniuliza. "Ataanza baada ya dakika moja na nusu hivi. Miaka yake yote minne itachukua chini ya dakika."

"Utaniambia anapoanza, na utaniambia anapokwisha."

Nilifyonza hewa. Pampu zilinguruma, kisha zikalainika jinsi zinavyofanya ombwe linapokaribia. Nilifungua agoni, nikafungua oksijeni, nikaweka mapigo mafupi. Mwanga wa urujuani ulitandaa juu ya boriti kutoka mwisho hadi mwisho, mchana kweupe, na hata hivyo uliupunguza mchana. Spika ikaanza kuchakacha. Haikuwa mbaya kusikiliza. Ilikuwa kama mvua inayonyesha msitu wa jirani na bado haijafika kwako.

Ilipita miaka tangu msiba, ambayo alipika peke yake. Niliangalia kihesabu cha tabaka, tarakimu zikikimbia.

"Sasa," nilisema.

Nakijwa alisogea akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha baridi, najua. Umande wa pumzi yake ulishika pale. Mchakacho haukubadilika hata kidogo. Ningependa kuandika kwamba ulibadilika. Mgonja alistahimili labda sekunde kumi, kisha aliruka kutoka kwenye gogo, mkono umenyooka kuelekea swichi.

"Zima! Fundi, zima! Tutatafuta njia nyingine, tutaapa, tutaleta mashahidi..."

"Shemeji," alisema Nakijwa bila kugeuka, "usimpigie kelele."

Mkono wa Mgonja ulibaki hewani. Uliteremka polepole, ukatua begani kwa shemeji yake, akauacha hapo. Walisimama hivyo, na mwanga ukawapaka nyuso zote mbili rangi moja. Niliangalia tarakimu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Sekunde arobaini. Arobaini na tano.

"Amepita," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali. Hakuondoa kiganja mpaka dakika ya nane.

Nilipopunguza mapigo, mwanga ulitulia ukawa mwembamba, na mvua ile ya mbali ikafika: mvua ya kweli, ya masika ya miaka arobaini na moja iliyopita, ikipiga paa la nyasi. Mtu alikohoa. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa. Wanaume waliongea kwa kupokezana, wengine kwa Kipare, wengine kwa Kiswahili cha kizamani, wakilalamika kuhusu mavazi yaliyolowa kabla ya kufika kwenye maji. Mmoja alisema siku tatu za juu na nne za chini. Mwingine wa Bondeni alikubali, jina lake likatajwa, akarudia mwenyewe. Mgonja aliandika, kalamu ikitoboa karatasi.

Halafu sauti ya mzee mwingine ilisema: lakini mwaka wa kiangazi, wa juu watafunga mfereji wao kwanza, kwa sababu wao wana chemchemi, wa chini hawana. Na wa juu wakaitikia: ndiyo, tutafunga kwanza.

Kalamu ilisimama. Hilo lilikuwa halikumbukwi na mtu yeyote aliye hai, na mwaka ule ulikuwa unaelekea kuwa wa kiangazi.

Mgonja alilitazama pipa kwa muda mrefu kama vile lingeweza kuongeza neno. Kisha alilaza karatasi gotini akaandika na hilo.

"Utalisema barazani?" nilimuuliza.

"Limekuja kwa gharama ileile," alisema.

VI

Mchana ule tuliirudisha boriti mahali pake. Ilikuwa imegeuka kuwa ya rangi ya maziwa upande wa chini, bila doa, na ndani ya jiko lililokolea moshi ilionekana kama mlango mwembamba uliofunguliwa darini. Watu walikuja kuitazama. Walikuwa wameonywa, kwa hiyo hawakushukuru. Waliacha vitu: mkungu wa ndizi, kuni, tangawizi mbichi kwenye kitambaa. Nakijwa aliwapokea kama wageni wa siku yoyote.

Alhamisi asubuhi nilifunga mizigo yangu mapema kwa kuwa Baraza lilikuwa linakaa saa nne na mteremko ni mrefu. Nilikwenda jikoni kumuaga. Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi za paa, wa buluu, haujui pa kwenda. Nilifika mlangoni na nikasikia anaongea.

Nilidhani ana mgeni. Hakuwa na mgeni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu sana na moto, uso ameuinua juu, na alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, taratibu, akiacha nafasi kati ya neno na neno, kama mtu anayemwandikisha mwingine barua.

"Alizaliwa wakati wa kuvuna maharage. Hakupenda viatu. Mbuzi wote aliwaita jina moja, na wote walimwitikia. Akilala alikuwa anashika sikio langu, si lake. Maziwa akinywa lazima aachie tone, anasema ni la kesho..."

Nilirudi nyuma hatua moja. Ningeingia ningesema kwaheri, na yeye angenijibu, na sauti zetu zingekaa pale juu, katikati ya yale maneno, zikimngoja yeyote atakayekuja kuyasoma. Niliamua kungoja.

Mgonja alitokea kwenye njia, amevaa koti la heshima na viatu vipya, karatasi imekunjwa mfukoni, anapumua kwa haraka. Alikwisha fungua mdomo kuniita. Niliinua kidole. Alisimama, akasikiliza, akatazama jua lilipofika, akatazama mlango. Tulikuwa tumechelewa tayari.

Alikaa kwenye jiwe akaanza kufungua kamba za viatu vyake vipya, moja baada ya nyingine, ili atakapoondoka aondoke bila kishindo.